Kovu la Culloden: Mvuto wa Riwaya za Mapenzi za Uskoti

Usiku mmoja, tulipokuwa zamu ya kusimamia masomo ya jioni katika shule ya bweni hapa Uganda, tulimkuta msichana wa kidato cha tatu ameficha kitabu ndani ya daftari lake la Kiswahili. Jalada lilikuwa limechanika, na kurasa zilikuwa zimelegea kwa kupita mikono mingi. Tulikichukua kama kanuni za shule zinavyotaka, tukaenda nacho nyumbani na, tuseme kweli, tukakisoma hadi usiku wa manane. Ilikuwa riwaya ya mapenzi ya Kiingereza iliyosimulia mambo ya kale ya milima ya Uskoti. Mwanamwali wa Kiingereza anaozwa bila hiari yake kwa mkuu wa ukoo wa milimani. Anafika kwa hofu na chuki. Mwishowe anaipenda nchi ile kuliko ile aliyozaliwa.

Asubuhi yake msichana alikuja kuomba radhi. Hakudai kitabu, bali aliuliza: "Mwalimu, hivi watu hao walikuwapo kweli? Na kama walikuwapo, wako wapi sasa?" Swali la kwanza tulilijibu papo hapo. La pili lilitushinda, na makala haya yametokana na swali hilo.

Wako walimu wenzetu wanaozidharau riwaya za namna hii, wakisema kuwa ni upuuzi wa kupoteza wakati. Sisi hatuoni hivyo. Kitabu kinachosomwa kwa siri chini ya dawati, hali vitabu vya mtaala vinasinzia kabatini, kina jambo la kumfundisha mwalimu. Aidha, riwaya hizi hazisomwi na wasichana wa bweni peke yao. Zimetafsiriwa katika lugha nyingi, na zina wasomaji katika nchi ambazo hazina uhusiano wowote na Uskoti. Basi yatupasa kuuliza: kwa nini nchi hiyo ndogo, ya mvua na mawe, ndiyo iliyogeuka kuwa makao ya mapenzi katika fikra za wasomaji wengi kiasi hicho?

Jibu jepesi ni mandhari na mavazi: milima yenye ukungu, ngome za mawe, na wanaume waliovaa kilti, lile vazi la marinda lenye mistari ya tartani. Hayo yamo, lakini ni pambo tu. Milima na ngome ziko katika nchi nyingi. Dai letu ni kwamba kinachomvuta msomaji ni habari ya watu walioshindwa, na faraja ambayo riwaya inatoa baada ya kushindwa huko. Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kwanza kuitazama historia yenyewe.

Mwaka 1688 mfalme James wa ukoo wa Stuart, aliyekuwa Mkatoliki, alipinduliwa na kukimbilia Ufaransa. Watu waliotaka yeye na kizazi chake warudishwe waliitwa Wajakobi, kutokana na Jacobus, ambalo ndilo jina James kwa Kilatini. Mwaka 1707 Bunge la Uskoti na lile la Uingereza yaliunganishwa, na Waskoti wengi hawakuridhika. Wajakobi waliasi mara kadhaa, na uasi wa mwisho ndio ulioacha kovu. Mwaka 1745 mjukuu wa James, Charles Edward Stuart, kijana wa miaka 24, alitua magharibi mwa Uskoti akiwa na watu wachache sana. Tarehe 19 Agosti bendera yake ilipandishwa huko Glenfinnan, na koo kadhaa za Nyanda za Juu zikamfuata. Waliuteka mji wa Edinburgh, wakaingia Uingereza hadi Derby mwezi Desemba, kisha wakarudi nyuma.

Tarehe 16 Aprili 1746, katika uwanda wa Culloden karibu na Inverness, jeshi lao lenye njaa na uchovu lilikutana na jeshi la serikali chini ya Duke wa Cumberland, mwana wa mfalme. Pigano lenyewe halikutimiza hata saa moja. Wajakobi waliouawa au kujeruhiwa wanakadiriwa kuwa kati ya 1,500 na 2,000. Upande wa serikali waliokufa ni watu wapatao 50. Waliokuwa wamelala chini na majeraha waliuawa, na wengine waliwindwa mabondeni siku nyingi baadaye. Tangu hapo Cumberland akapewa lakabu ya Mchinjaji.

Baada ya silaha zikaja sheria. Wakuu wa koo walinyang'anywa mamlaka ya kuwahukumu watu wao. Wanaume na wavulana walikatazwa kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu, isipokuwa wale waliokuwa askari wa mfalme. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi sita, na la pili lilikuwa kupelekwa ng'ambo kwa miaka saba. Sheria hiyo ya mavazi ilidumu hadi 1782. Hata kabla ya hapo ukoo wa MacGregor ulikuwa umepigwa marufuku kutumia jina lake tangu 1603, na marufuku hiyo haikufutwa moja kwa moja mpaka 1774. Tutafakari maana yake: mtu kuzaliwa, kuoa na kuzikwa bila ruhusa ya kutaja jina la babu zake.

Katika giza hilo kulikuwa na mambo ambayo mtunzi yeyote angetamani kuyabuni, nayo yalitukia kweli. Kichwa cha Charles kiliwekewa bei ya pauni 30,000, mali ambayo mkulima wa milimani asingeipata katika maisha mengi. Alijificha kwa miezi mitano miongoni mwa maskini, na hakutokea mtu wa kumtia mikononi mwa serikali. Mwezi Juni 1746 msichana aitwaye Flora MacDonald alimvusha kwa mashua hadi kisiwa cha Skye, akiwa amevalishwa nguo za kike na kuitwa Betty Burke, kijakazi kutoka Ireland. Flora alikamatwa na kufungwa, kisha akaachiliwa. Hawakuwa wapenzi, naye Charles alikufa Roma mwaka 1788 akiwa mzee mlevi. Lakini mbegu ya hadithi ilikwisha kupandwa: mwanamke jasiri, mwanamume anayewindwa, bahari, na kiapo kisichouzwa kwa fedha.

Aliyeivuna mbegu hiyo ni Walter Scott, mwanasheria aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1771. Utotoni na ujanani mwake aliwasikiliza wazee waliopigana mwaka 1745, na mwaka 1814 akatoa riwaya yake ya kwanza, Waverley, bila kuandika jina lake. Nakala 1,000 za kwanza zilinunuliwa haraka, zikachapishwa nyingine, na punde Ulaya nzima ikamsoma. Shujaa wake, Edward Waverley, si mtu wa milimani. Ni kijana wa Kiingereza, afisa wa jeshi, anayekwenda Nyanda za Juu kama mgeni, akavutwa na ndugu wawili, Fergus na dada yake Flora, na kujikuta upande wa waasi. Mwishoni Fergus ananyongwa huko Carlisle, Flora anakwenda kuwa mtawa Paris, na Edward anasamehewa, anamwoa Rose, binti mpole wa Nyanda za Chini, na maisha yanaendelea.

Walimu wenzetu wataona mara moja ustadi uliomo. Mgeni ndiye mlango wa msomaji: kila asilolijua msomaji, mgeni naye halijui, na wote wawili hufundishwa pamoja. Tena mgeni huyo ametoka upande wa walioshinda. Kwa kuwapenda walioshindwa, anaonekana kulipa sehemu ya deni ambalo jeshi lake lilikataa kulipa. Hapo ndipo ulipo msingi wa riwaya zote za aina hii zilizofuata.

Robert Louis Stevenson, naye mzaliwa wa Edinburgh, aliushika msingi huo huo mwaka 1886 katika Kidnapped, pale kijana wa Nyanda za Chini, David Balfour, anapofuatana na Mjakobi anayewindwa, Alan Breck. Humo hakuna mapenzi ya mume na mke, bali urafiki unaovuka mpaka. Wasomaji wa Kiswahili hawakumgundua Stevenson jana. Wakati wa utawala wa Waingereza riwaya yake nyingine ilitafsiriwa kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina, na wazee wetu wengi waliisoma shuleni.

Katika karne ya 20 waandishi, wengi wao wanawake na wengi wao Wamarekani, walimwondoa kijana wa Scott mahali pa mgeni wakamweka mwanamke. Mwaka 1989 Julie Garwood alitoa The Bride, ambamo binti wa Kiingereza anaozwa kwa amri ya mfalme kwa bwana wa Nyanda za Juu. Mwaka 1991 Diana Gabaldon, mwanasayansi wa Arizona aliyekuwa bado hajafika Uskoti, alitoa Outlander. Muuguzi wa Kiingereza, Claire, anasafiri kimuujiza kutoka mwaka 1945 hadi mwaka 1743 na kuolewa na kijana wa milimani, Jamie Fraser. Tangu 2014 hadithi hiyo ilionyeshwa pia katika televisheni, na wageni wakafurika Culloden kulitafuta jiwe la ukoo wa Fraser, mojawapo ya mawe yaliyosimamishwa pale mwaka 1881.

Sasa tunaweza kuutaja mvuto wenyewe. Kwanza, msomaji anajua mwisho kabla ya wahusika. Claire anaijua Culloden kama tunavyoijua sisi, na kila karamu, kila kicheko, kila usiku wa arusi unapita chini ya kivuli cha tarehe 16 Aprili. Mapenzi yanayohesabiwa siku yana uzito ambao mapenzi ya raha hayana.

Pili, ni ulimwengu wa kiapo. Mtu anajulikana kwa ukoo wake, na neno lake ni dhamana. Msomaji anayeishi mjini, asiyemjua jirani wa mlango wa pili, anaitamani jamii hiyo hata kama asingeweza kuvumilia sheria zake kwa juma moja. Msomaji wetu wa hapa ana sababu nyingine: yeye hahitaji kuelezwa ukoo ni nini, mahari ni nini, au kwa nini ndoa ya watu wawili ni shauri la watu mia. Vitabu vingi vya kigeni humwonyesha mapenzi ya watu wawili walio peke yao duniani; hivi humwonyesha mapenzi yaliyozungukwa na shangazi, wajomba na wazee wa baraza. Ndiyo maana yule msichana wetu alijiona yuko nyumbani.

Tatu, na hili ndilo kubwa, riwaya hufanya kile ambacho historia haikufanya. Lipo neno la Kigaeli linalomaanisha Mwingereza, yaani mgeni, na halikuwa neno la heshima. Katika Outlander Jamie anamwita mkewe kwa neno hilo, Sassenach, nalo polepole linageuka kuwa jina la mahaba. Humo katika neno moja mna siri yote: uadui unaingia nyumbani, unakula mezani, na unageuka kuwa mapenzi. Ni nani kati yetu, katika nchi hizi zilizogawanywa mara nyingi na vita, ambaye hatamani kuona jambo kama hilo likitendeka?

Lakini wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Faraja ina bei yake, na mwalimu wa lugha anapaswa kuuliza ni nani aliyeilipa.

Riwaya hupenda kuonyesha Waskoti upande mmoja na Waingereza upande wa pili. Ukweli ni kwamba Waskoti wengi walipigana upande wa serikali, wakiwamo watu wa Nyanda za Juu zenyewe, hasa wa ukoo wa Campbell. Pia riwaya nyingi huufunga mlango Culloden au kuwapeleka wahusika ng'ambo, hali msiba mrefu zaidi ulikuja baadaye. Wakuu wengi wa koo, waliokuwa baba wa watu wao, waligeuka kuwa wenye ardhi wa kawaida. Tangu mwishoni mwa karne ya 18, na kwa ukali zaidi katika karne ya 19, wakulima waliondolewa mabondeni ili kondoo wapate malisho. Katika bonde la Strathnaver, mkoani Sutherland, nyumba zilichomwa moto mwaka 1814. Wakala aliyesimamia kazi hiyo, Patrick Sellar, alishtakiwa mwaka 1816 na kuachiliwa huru. Mwaka huo 1814 ndio mwaka ambao Waverley ilitoka, na wasomaji wa mijini wakalia kwa ajili ya watu wa milimani. Watu wa milimani wenyewe walikuwa njiani na matandiko yao mgongoni.

Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh. Scott ndiye aliyepanga sherehe, na mfalme, ambaye Cumberland alikuwa ndugu wa babu yake, alivaa kilti. Vazi lililomfunga mtu miezi sita jela sasa lilikuwa vazi la ikulu. Walioshindwa hupendwa sana wanapokuwa hawana tena uwezo wa kudai kitu.

Na waliofukuzwa walikwenda wapi? Wengi walikwenda Canada, Marekani na Australia, na si ajabu kwamba huko wako vitukuu wanaozisoma riwaya hizi wakitafuta nyumba ya babu. Wengine waliingia viwandani na jeshini, wakawa watumishi wa dola ile ile iliyowavunja. David Livingstone, ambaye Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, aliandika kwamba baba wa babu yake aliuawa Culloden akiwapigania wafalme wa zamani. Babu yake alihama kisiwa cha Ulva akaenda Blantyre, penye viwanda vya pamba, na Livingstone mwenyewe alianza kazi kiwandani humo akiwa mtoto wa miaka 10. Hapa Uganda wazee wetu wanakumbuka kwamba Idi Amin, aliyetawala kutoka 1971 hadi 1979 na ambaye aliwahi kutumikia chini ya maafisa wa Kiskoti, alijiita Mfalme wa Uskoti na kuivika kilti bendi yake ya jeshi. Mapenzi ya watu kwa milima ile ni vazi ambalo yeyote aweza kulivaa, hata mwenye mikono yenye damu.

Imebaki habari ya lugha, ambayo kwetu sisi walimu ndiyo kiini. Watu walioshindwa Culloden walisema Kigaeli. Riwaya zimewapenda kwa Kiingereza, zikawaachia maneno machache ya Kigaeli kama viungo katika pilau. Mwaka 1872 sheria ya elimu iliwalazimu watoto wote wa Uskoti kwenda shule, nayo haikukitaja Kigaeli hata mara moja. Katika shule nyingi mtoto aliyekisema aliadhibiwa, na wako waliotundikwa kijiti shingoni. Mwalimu wa Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa zaidi, kwa kuwa shule zetu nazo zilikuwa na kibao chao kwa mtoto aliyesema lugha ya mama yake. Mwaka 1891 waliosema Kigaeli huko Uskoti walikuwa zaidi ya 250,000. Sensa ya 2011 ilihesabu takriban 57,000. Sheria ya kukilinda ilipitishwa mwaka 2005, na sensa ya 2022 ilionyesha kwamba idadi imepanda kidogo.

Hatusemi kwamba riwaya ndiyo iliyoiua lugha. Twasema kwamba mtu aweza kulia machozi ya kweli juu ya kurasa 800 za habari za watu fulani, na asijue kwamba watu hao walijieleza wenyewe. Maana walijieleza. Alasdair mac Mhaighstir Alasdair alikuwa mwalimu wa shule, mwenzetu. Mwaka 1741 alichapisha msamiati wa Kigaeli na Kiingereza. Ilipofika 1745 aliacha shule akawa afisa katika jeshi la Charles, na mwaka 1751, miaka mitano tu baada ya Culloden, akachapisha kitabu cha mashairi yake kwa Kigaeli. Miaka mia mbili baadaye, mwaka 1954, Sorley MacLean wa kisiwa cha Raasay alitoa shairi la Kigaeli liitwalo Hallaig, jina la kijiji kilichoondolewa watu. Wasomaji wa washairi hao wawili hawawafikii wasomaji wa riwaya moja iliyolegea kurasa.

Siku ya kufunga shule tulimrudishia msichana kitabu chake, tukamjibu swali lake la pili. Tulimwambia kwamba watu hao wako. Wako Glasgow, wako Cape Breton huko Canada, na wachache bado wanasema lugha yao katika visiwa vya Lewis na Skye. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wao wenyewe hawakuandika?" Tukamweleza habari za yule mwalimu aliyekuwa afisa. Akauliza kama vitabu vyake viko maktabani kwetu. Havipo.

Ndugu walimu, tusiwanyang'anye wanafunzi riwaya hizi. Kiu waliyo nayo ni njema: ni kiu ya kujua walioshindwa walipenda nini, waliapa nini, na walizikwa wapi. Kazi yetu ni kuwaonyesha kisima kingine, tena kilicho karibu. Muhula uliofuata tulimpa msichana huyo kazi ya likizo: akamwulize bibi yake habari za jinsi ukoo wao ulivyohama, na aziandike kwa Kiswahili, na maneno ya lugha ya bibi yabaki kama yalivyotamkwa. Alirudi na kurasa 31, na katika ukurasa wa 12 mna kisa cha mapenzi ambacho bibi hakuwahi kumsimulia mtu.